Nilimpigia Simba Mswaki

Jumatano, 14 Julai 2021

Vitasa vya milango, swichi, mgongo wa kila benchi, mimbari, kisima cha ubatizo. Nyunyiza dawa, subiri dakika kumi, sugua, futa. Picha ya kabla, picha ya baada, tuma kwa supavaiza. Kampuni haiamini mkono wa mtu, inaamini picha.

Kanisani hamna mtu tangu wafunge mji. Jumapili wanaingia watatu kurusha ibada mtandaoni, basi. Mimi naua virusi ambavyo havijapata hata nafasi ya kuja.

Dakika kumi za kusubiri dawa ni nyingi. Nimeanza kukiangalia kisima. Jiwe moja zima, umbo la kinu kikubwa, limekaa juu ya nguzo fupi. Limechongwa wanyama pande zote. Mmoja ni simba. Aliyemchonga hajawahi kuona simba. Mimi nimemwona, kule kwetu, Mikumi, kupitia dirisha la basi. Huyu ana uso wa mjomba aliyeamshwa usingizini, na mkia umepita katikati ya miguu ukatokea mgongoni.

Nimempenda.

Ijumaa, 23 Julai

Nimemtafuta simba wangu kwenye simu. Ana ndugu. Wako kwenye makanisa ya vijijini huko Uingereza, juu ya visima vya miaka mia nane. Mkia uleule, uso uleule wa usingizi. Nikalala chali sakafuni nimwone kwa chini.

Mama Divine akanikuta hapo. Mrundi, kakulia kambini Kigoma, ndiye anayeshika kamera ya ibada, tena yumo kwenye baraza la kanisa. Alifuata betri.

"Baba Amina, weye Mwislamu, unalala kwa sakafu ya kanisa yetu unatafuta nini?"

Nikamwambia natafuta umri wa jiwe.

"Anza na umri yako. Nani atakuinua hapo? Mie niko na mita moja na nusu ya kuheshimu."

Mjukuu wake wa kike ana miezi mitano, anasubiri kubatizwa hapo mji ukifunguliwa. Bibi anasema kwa mwendo huu mtoto ataenda kwenye maji kwa miguu yake mwenyewe.

Jumatatu, 2 Agosti

Habari mbaya. Baraza limekutana kwa video. Kisima kinatolewa nje, kinawekwa bustanini, kinapandwa maua. Pale kilipo zitakaa kamera na skrini. Watoto watabatizwa kwa bakuli la kioo. Mzee Trevor, mwenyekiti wa baraza, kasema hiki ni nakala tu, kilichongwa karne ya kumi na tisa na mafundi waliokuwa wanaiga mambo ya kale. Hakuna karatasi inayosema vinginevyo. Wabebaji wanakuja Jumatatu tarehe 16.

Mama Divine alipinga dakika tatu nzima, kwa hasira. Maikrofoni yake ilikuwa imezimwa. Wenzake wakaona mdomo unacheza wakadhani anasali. Wakaitikia amina.

Nimekasirika. Sijui kwa haki gani. Si dini yangu, si nchi yangu, si jiwe langu. Nimekasirika tu.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeona kitu.

Juu, kwenye ukingo wa kisima, pana makovu mawili yanayotazamana. Jiwe limemeguka kipande cha ukubwa wa kiberiti, kila upande. Ndani ya kovu moja kuna kisiki cha chuma kilichozungushiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Nimepita na kitambaa hapo mara ngapi? Macho yalikuwa yanafanya usafi, hayakuwa yanatazama.

Nikasoma hadi chakula changu kikapoa. Zamani maaskofu wa Uingereza waliamuru visima vyote viwekwe mifuniko na kufuli. Kwa nini? Watu walikuwa wanaiba maji ya ubatizo kwenda kuyafanyia uchawi.

Nimecheka peke yangu kanisani hadi sauti ikanirudia. Wajomba zao hawa hawa ndio waliokuja Afrika kutueleza habari za uchawi.

Baadaye kufuli ziliondolewa, pengine kwa fujo, na jiwe likameguka. Sasa Mzee Trevor anieleze: fundi gani anachonga nakala mpya halafu anaivunja ukingo?

Nimepiga picha nane. Hizi si za supavaiza.

Jumamosi, 7 Agosti

Nilimpa Mama Divine picha awapelekee wazee wa baraza, bila jina langu. Nilijiona mjanja.

Jibu la Mzee Trevor limekuja: jiwe lilisafiri melini kutoka Uingereza, huenda liligongwa njiani. Anashukuru kwa moyo wa kujitolea.

Kuhusu risasi na chuma hakusema neno. Makovu hayatoshi.

Jumapili, 8 Agosti

Leo sitaki kuandika. Naandika.

Nilikuwa nasoma zaidi, kutafuta ushahidi mwingine. Kumbe visima vya zamani vilipakwa rangi. Nyekundu, kijani, nyeusi. Rangi ilifutika karne kwa karne, lakini huwa inabaki kidogo kwenye mikunjo: chini ya makwapa, ndani ya masikio. Midomoni.

Midomoni.

Wiki ya kwanza ya kazi, Juni, kitambaa changu kilitoka chekundu mdomoni mwa simba. Nikadhani kutu. Fomu inasema tusafishe kila kinachoguswa. Nani anamgusa simba mdomoni? Lakini mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Kesho yake nilikuja na mswaki kutoka nyumbani na dawa ya klorini. Nikampigia mswaki yule mnyama, meno ya juu na ya chini, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikajisifu. Supavaiza akanitumia kidole gumba.

Miaka mia nane rangi imestahimili moshi, vita na mabaharia. Haikunistahimili mimi, Salehe wa mtaa wa Auburn, na mswaki.



Jumatatu, 9 Agosti

Nimezitafuta zile picha za Juni kwenye simu. Zipo. Kabla: mdomo mwekundu, wazi kabisa, hata ndani ya pua. Baada: simba msafi kama sinki. Tarehe na saa chini ya kila moja, na jina langu.

Nimemwonyesha mke wangu. Rehema alizivuta kwa vidole, akazitazama sana.

"Picha ya kwanza inaokoa jiwe," akasema. "Ya pili inakuzika wewe."

"Niwape ya kwanza peke yake?"

"Watauliza rangi imeenda wapi. Utasema simba alimeza?"

Kanisa ni dakika kumi kwa miguu kutoka hapa. Kazi ya amani, sina bosi wa kunisimamia. Wakinitoa, najua wananipeleka wapi: maghala ya Ingleburn, basi na treni mbili. Rehema anajua pia. Alinimiminia chai akaongeza sukari, na siku zote huwa anapunguza.

Jumatano, 11 Agosti

Jana sikutuma. Nilijiambia wabebaji wanaweza kuahirisha. Hawakuahirisha, leo wameleta mikanda ya kunyanyulia, wameiacha mlangoni.

Nimetuma. Zote mbili, na zile nane, kwa kasisi mwenyewe. Barua fupi, Kiingereza changu cha kujifunza mwenyewe, Rehema kakagua. Niliandika kwamba rangi ilikuwepo, kwamba aliyeifuta ni mimi, kwamba mswaki haukuwemo kwenye fomu. Niliomba jiwe likaguliwe kabla ya Jumatatu.

Naona haya. Njaa imekata.

Ijumaa, 13 Agosti

Amekuja mtaalamu wa mawe ya kale, mama mfupi mwenye barakoa mbili na tochi kama ya fundi wa meno. Kasisi aliniita niwepo. Mzee Trevor alisimama mbali, mikono nyuma.

Yule mama alitazama makovu, akagusa risasi kwa kucha, akaguna. Kisha akalala chali sakafuni. Mahali pale pale pangu! Kidogo nimwambie pana ubaridi.

Alikaa chini huko muda mrefu. Halafu akaniita nilale na mimi, upande wa pili. Akamulika ndani, nyuma ya ulimi wa simba. Punje ya wekundu, ndogo kama dengu. Mswaki haukufika. Niliona kwa macho yangu. Nusura nilie, na machozi ya kulala chali huingia masikioni.

"Nani alisafisha?"

Kasisi akatazama dari. Nikasema mimi. Yule mama akaomba chupa ya dawa. Akasoma karatasi ya nyuma neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kisha akamgeukia Mzee Trevor akamwambia, polepole, maua yatafutiwe chungu kingine.

Jumatatu, 16 Agosti

Wabebaji wamekuja kuchukua mikanda yao tu. Mama Divine kanitumia ujumbe wa sauti, vigelegele vitupu, sekunde arobaini. Safari hii maikrofoni ilikuwa wazi.

Supavaiza naye kapiga. Ingleburn, kuanzia kesho. Kanisani usionekane mkono wangu. Nikasema sawa.

Jumanne, 28 Septemba

Ingleburn. Ghala la matairi. Vitasa, swichi, meza za chakula. Hakuna kitu cha kale kuliko supavaiza. Dakika kumi za kusubiri dawa nazitumia kusubiri dawa.

Jumapili, 14 Novemba

Mji umefunguliwa. Mama Divine kanialika, kanikalisha benchi la mbele na watu wake. "Weye ni familia ya jiwe." Mzee Trevor alinipa kiwiko badala ya mkono. Aliuliza habari za simba. Nikasema mzima.

Kisima kimezungushiwa kamba, na kibao kidogo: usiguse. Kamba ilifunguliwa kwa ajili ya mtoto. Miezi tisa sasa, mnene, alimshika kasisi pua. Maji yalimwagwa mara tatu. Hakulia. Alitazama chini kwa udadisi, kama vile alikuwa anakagua mchongo.

Watu wakaenda kupiga picha nje. Nikabaki.

Tone moja lilikuwa limeshuka kutoka ukingoni. Likapita juu ya jicho la simba, likafika mdomoni, likaning'inia hapo. Mkono wangu wa kulia ukaenda mfukoni wenyewe, kutafuta kitambaa. Leso ilikuwemo.

Nikaukalia mkono. Tone likakauka taratibu.