Mpangaji wa Chumba cha Vitabu

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepunguza ukaidi na majirani wamepunguza umbea. Sisi huku tunapumua. Habari za macho ya Baba nitazifikia. Usiruke mistari kutafuta mwisho, nakujua.

Uliponikabidhi Baba uliniuliza, akishapasuliwa jicho atalala wapi. Nikakujibu kwamba mwanao ametembea dunia, hawezi kukosa paa mjini. Paa lilikuwepo kweli, Mama. Ila ni la Kaka.

Ndiyo, huyo huyo Kaka aliyekatazwa kukanyaga kwetu tangu Baba aliposikia kwamba chuo kikuu kinamlipa kuchunguza dini na hekima za kale za Wahindi na Wachina. Unakumbuka Baba alivyosema, yeye mwalimu wa dini hawezi kuwa na mtoto anayehudumia masanamu. Mimi niliyeiacha shule njiani nilijaribu kumweleza kwamba daktari wa ng'ombe hali nyasi. Hakucheka.

Basi Baba akatoka hospitali amefungwa macho yote mawili. Daktari akanivuta pembeni: asiiname, asinyanyue kitu, na zaidi ya yote asipandwe na hasira, mshono ukiachia jicho limekwenda. Hapo akili yangu, ambayo unajua haina mpinzani, ikafanya kazi. Nikamwambia Baba nyumba ni yangu, na kwenye chumba cha vitabu nimempangisha mwalimu mmoja mpole asiyependa maongezi. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni, akimtazama baba yake. Kwa haraka nikakitoa rafuni kile kisanamu cha mtawa alichozawadiwa na wanafunzi wake, nikakitosa kwenye kapu la nguo chafu. Kaka akaninong'oneza, namficha nani asikione, mtu aliyefungwa macho? Hata mjanja hujikwaa, Mama.

Kaka ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemlisha, bila kutoa hata kikohozi. Mimi nikakaa pembeni kupokea shukrani. Baba alinisifu kwamba mikono yangu imelainika siku hizi. Nikamjibu ni sabuni.

Shida ikawa kazi. Kaka alikuwa anafasiri kitabu cha zamani sana na wachapishaji walishamchoka kwa kusubiri. Naye hajui kufasiri kimya. Lazima aisome kila sentensi kwa sauti, akigonga meza kwa kidole kila anapopumzika. Alijizuia, alijizuia, mpaka alasiri moja ikamponyoka. Nikamsikia akisoma chini chini habari za mtawa anayeulizwa: mtu akiiacha nyumba ya wazazi ili atafute ukweli, je, amewaasi au amewatumikia? Nikaganda jikoni na sahani mkononi.

Baba akainua kichwa. Akasema, "Mpangaji, sentensi hiyo inachechemea. Irudie."

Halafu kidole kikagonga, na sentensi ikarudi imenyooka.

Tangu hapo kila alasiri Baba akawa anaketi karibu na ukuta wa chumba cha vitabu, anakosoa. Akasema watu wale wamepotea njia, lakini wanajua kuuliza. Kaka hajibu, anagonga tu na kusoma upya. Mimi natoka jasho kama mwizi wa kuku.

Leo muuguzi amekuja kufungua bandeji. Kaka alikuwa ameshafunga begi, anakwenda kujificha kwa mwenzake. Aliniambia Baba akimwona atapandwa na hasira, na jicho likiharibika yeye atauweka wapi uso wake? Nikaziba mlango kwa mwili huu ulioulisha vizuri. Upande wa pili mkasi ulikwishagusa bandeji, Baba akaushika mkono wa muuguzi.

"Mpangaji yuko wapi?"

Nikasema ametoka kidogo.

"Domo, nyamaza. Kule kugonga meza nilimfundisha mimi, kabla hata hajajua kuandika. Mwite akae hapa mbele yangu. Nataka nianze na yeye."

Kumbe alijua, Mama. Alijua siku zote hizo, na ile sifa ya mikono laini haikuwa yangu.

Kaka akaketi, begi bado mapajani. Bandeji ikatoka. Baba akapepesa, akamtazama, akamtazama, mpaka nikaogopa. Mwisho akasema, "Umekonda. Hao wahenga wako hawali?" Kaka akalishusha begi sakafuni. Mimi nikaenda kukagua bomba la jikoni, ingawa halivuji.

Jicho linaona. Ila usipige vigelegele mapema. Baba amekikuta kile kisanamu kwenye kapu la nguo, ameshatangaza kwamba hakitalala chumba kimoja naye, tena mtawa wa kitabuni amejibu vibaya na yeye Baba haondoki hapa mpaka hoja iishe. Nikiandika haya wanabishana, mlango wazi, na mshono umevumilia.

Msalimie Shangazi na wote wanaonidai salamu. Wakiuliza nyumba ni ya nani, waambie ni ya familia. Na Baba anakuagiza, tukija, uwe umetandika kitanda cha mpangaji.

Ni mimi mwanao,
Domo