Mbuzi wa Ntheo na Kipimo cha Juni

Jumatano, 12 Machi 2025

Negativu! Mstari mmoja tu! Nilijua damu ya Kitheka, bucha namba moja Masii, mtu amefika mpaka Malaba, haishikwi na kitu.

Jana nilienda kumwona Nzomo wa bodaboda wodini. Alipoanguka mwisho wa Februari ni mimi nilimfunga mguu uliokuwa ukivuja damu, na kidole changu kilikuwa kimekatwa na kisu asubuhi hiyo. Akalia. Ati ako na virusi vya UKIMWI na aliacha dawa. Nikamwambia pona kwanza, tutagombana baadaye.

Leo soda kwa wateja wote!

Alhamisi, 13 Machi

Nimempelekea Sista Nzilani wa VCT, pale nilipopimwa, maini ya shukrani. Hakucheka. Ati jana nilitoka mbio kabla amalize. Kipimo kinatafuta askari wa mwili, na mwili huwaandaa kwa wiki kadhaa. Wangu labda bado wanavaa viatu!

Kwani mashine inadanganya? Ati haidanganyi, imepima mapema tu. Nirudi mwezi ujao, halafu miezi mitatu tangu ajali. Hiyo ikiwa safi na sijajiweka hatarini tena, nilale bila wasiwasi. Dawa ya kuzuia ilikuwa ndani ya siku tatu — imenipita. Hatari ni ndogo, lakini ndogo si hakuna. Mpaka Juni, kondomu.

Na ntheo yangu, mbuzi wa kuoa Kikamba, ni Jumamosi ya wiki ijayo! Mbuzi watatu wamefungwa nyuma ya bucha. Wakifika kwa kina Kalunde, yeye ni bibi yangu. Na anataka mtoto mwaka huu.

Jumapili, 16 Machi

Baba mdogo Musili amefoka. Mbuzi hawangoji hospitali! Karatasi imesema negativu, funga mdomo, wewe kijana!

Lakini mimi nyama bila muhuri wa daktari siuzi hata kwa adui. Sasa nimpelekee Kalunde mwili mzima bila muhuri? Hapana. Namwambia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia Kalunde yote, hapa bucha. Akashika kile kidole, akakigeuza.

Akauliza, Nzomo amerudia dawa? Amerudia, na supu nampelekea mimi.

Kesho baba akiuliza mbuzi?

Nitasimama mbele ya wazee niseme Juni — kama mwanaume!

"Wewe nyamaza, Kitheka. Utaongeza chumvi."

Amechukua simu yangu, anampigia baba yake. Ameweka spika, juu ya meza ya kukatia nyama. Inalia. Mkono wangu bado ameushika—

"Haloo? Mkwe?"