Kiti cha Mama Kabedi

Kolwezi, 8 Februari 1992

Tata mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Je, mvua zinanyesha huko Lubudi kama hapa? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi tu wazima: mke wangu Elise, watoto wawili, na Mama Kabedi, mama mkwe wangu, ambaye nyonga inamsumbua lakini misa haimpiti.

Tata, naomba shauri lako. Tangu uporaji wa mwaka jana, wageni wanaondoka Kolwezi mmoja baada ya mwingine, na kila anayeondoka anaacha gari. Nimewekewa magari mawili nichague moja. Yote ni madogo, ya kupita matope na kupanda milima, ila ni ya mtu wa kawaida, si kama yale ya mgodini. La kwanza ni Suzuki ya kijivu. Ina milango minne, viti laini, na gurudumu la akiba limefungwa mgongoni. La pili ni Lada nyekundu, ya Kirusi. Ina milango miwili tu, na gurudumu la akiba linalala ndani, juu ya injini, kama paka juu ya jiko. Bei ni moja, kwa hiyo bei haitusaidii kuchagua.

Kila siku nitapeleka watoto shule, nitakwenda ofisini kwenye ramani zangu, nitampeleka Mama Kabedi hospitali, na Jumapili kanisani Manika. Sikukuu zikifika, nitakuja kukuona.

Jana niliijaribu Lada kwenye kilima cha udongo nyuma ya mgodi, baada ya mvua. Ilipanda polepole, bila hasira, kama mbuzi ambaye hajaambiwa kwamba mlima ni mgumu. Nilipofika juu nilizima injini. Shimo lote la mgodi lilikuwa chini yangu, na mimi sikuwa nimelowa hata kiatu. Suzuki nayo ilipanda, ila ilinilazimu kwanza nishuke nifunge magurudumu ya mbele kwa mkono ili nayo yavutwe na injini.

Niambie nichukue lipi.

Mtoto wako,
Mwenze


Lubudi, 25 Februari 1992

Mwenze mwanangu,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Mbayo wa reli. Mimi ni mzima. Mgongo ni wa uzee, usiuulize tena. Wasalimu Elise na watoto, na umfikishie Mama Kabedi heshima zangu.

Umeandika ukurasa mzima juu ya magurudumu na nusu mstari juu ya mama mkwe wako. Umeanzia pabaya. Gari la familia huchaguliwa kwa kuuliza nani atakaa wapi. Mama Kabedi ni mtu wa Kasai, ingawa alizaliwa hapo hapo Kolwezi baba yake alipoletwa kufanya kazi mgodini. Sisi ni Waluba wa Katanga. Lakini katika jambo hili sheria yetu na yao ni moja: mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hamgusi, wala hali chakula mbele yake. Mimi nilimzika mama wa mama yako bila kujua kama alikuwa na meno.

Sasa, katika gari la milango miwili ataingiaje? Ainame, apite nyuma ya kiti chako kama mbuzi anayeingia zizini? Au akae mbele, na kiwiko chako kimguse kila unapobadilisha gia?

Chukua Suzuki. Mama Kabedi atakuwa na mlango wake, nyuma, upande wa kulia, mbali nawe. Na kioo cha ndani kigeuze upande, kwa maana kioo nacho ni jicho.

Tata yako,
Kabemba Louis


Kolwezi, 2 Mei 1992

Tata mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tunaendelea vizuri, tukitumaini nawe u mzima.

Nisamehe. Nimenunua Lada.

Nilisoma barua yako mara tatu, nikaenda kwa nia ya kuchukua Suzuki. Lakini siku hiyo ilinyesha, nikawaza njia ya Lubudi wakati wa masika, madaraja ya magogo na matope yanayofika magotini. Niliona kwamba gari nisiloliogopea matope ndilo litakalonifikisha kwako. Tena fundi wa hapa aliniambia kwamba gari hilo atalitengeneza kwa spana tatu.

Jambo la Mama Kabedi sikulisahau. Elise ameshona pazia la kitenge, tukalitundika kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Mama Kabedi alilizunguka gari mara mbili na fimbo yake, akamwambia Elise, huku mimi nimesimama palepale: "Ambia bwana yako gari ni muzuri. Ambia tena, mi niko na miguu." Wiki tatu alikwenda kanisani kwa miguu. Juzi alikubali. Aliingia nyuma kinyumenyume, watoto wakimvuta na Elise akimsukuma, wote wakicheka isipokuwa yeye. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta.

Mtoto wako,
Mwenze


Lubudi, 20 Mei 1992

Mwenze,

Barua imefika. Ni mzima.

Uliniomba shauri nikakupa. Gari ni lako. Pazia ni kitambaa.

Kabemba Louis


Kolwezi, 6 Desemba 1992

Tata mpendwa,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mbayo ananiambia u mzima na unatembea hadi stesheni kila Alhamisi. Namshukuru Mungu.

Najua umekasirika, lakini naandika kwa sababu mambo yamebadilika. Umesikia ya Likasi: watu wa Kasai wamefukuzwa nyumbani mwao, na treni zinawapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawajaiona. Huko kwako treni hizo zinapita, labda umewaona. Hapa maneno yameanza. Mtu ambaye mwaka jana alimwita Elise dada, sasa anavuka barabara anapomwona. Jana Elise aliniuliza: "Siku ikifika, mi ni mutu wa wapi? Wa baba yangu ao wa batoto yangu?"

Mama Kabedi hapandi gari tena. Nyonga imekataa. Nyuma hawezi kuingia, na mbele hataki hata kusikia. Anasali nyumbani kwake, dirisha likiwa wazi, ili asikie kengele.

Tuombee.

Mtoto wako,
Mwenze


Lubudi, 2 Aprili 1993

Mwenze,

Elise na watoto wanaendelea vizuri. Mdogo amepona kikohozi. Mama Kabedi analala chumbani mwangu, nami nalala sebuleni.

Sasa unijibu. Jumatatu mlipofika, nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona kwa macho yangu mama mkwe wako ameketi kiti cha mbele, bega lake karibu na bega lako, bila pazia. Elise alimshusha. Wewe ulitua mizigo, ukageuza gari, hata maji hukunywa. Nilikuita mara mbili.

Tangu siku hiyo Mama Kabedi ananiambia asante, na hakuna zaidi. Nikimwuliza Elise, anasema: "Tata, ungojee Mwenze mwenyewe."

Najua siku ni mbaya. Treni zinapita hapa, watu wamejaa hadi juu ya paa. Nimewapelekea maji na nimewaona. Lakini nyumba inapoungua ndipo mtu anapoonyesha ni kitu gani asichoweza kukiacha ndani. Wewe umeacha heshima. Niambie kwa nini.

Kabemba Louis


Kolwezi, Pasaka, 11 Aprili 1993

Tata mpendwa,

Nakusalimu, nakushukuru kwa chumba chako. Mimi ni mzima. Niliondoka upesi kwa sababu nyumba isiyo na mtu hapa huchukuliwa siku hiyo hiyo. Tena nisingeweza kusema haya Mama Kabedi akisikia.

Tata, sijapata kuona watu wengi kama niliowaona stesheni ya Kolwezi. Wamelala juu ya magodoro, masanduku na cherehani, hadi macho yanapoishia. Mwanamume mmoja amebeba mlango wa nyumba yake. Mlango tu, na ufunguo umo. Mama mmoja alikuwa akifagia kipande chake cha ardhi, kipana kama mkeka, akiwaambia watu wapite kando. Nilisimama nikavua kofia bila kujua ninamvulia nani.

Asubuhi ya Jumatatu vijana walimgongea Mama Kabedi, wakampa mpaka jioni awe ameondoka. Nilileta gari. Elise na watoto waliingia nyuma. Mama Kabedi alisimama mbele ya mlango, fimbo mkononi, kwa muda mrefu. Nyuma hakuweza. Mwisho akamwambia Elise: "Toa pazia." Akaketi mbele.

Mahali mji unapoishia vijana walikuwa wameweka gogo. Mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani aliinama dirishani.

"We uko mutu wa wapi?"

"Lubudi. Mutoto wa Mwalimu Kabemba."

"Na ule bibi nyuma?"

"Muke yangu. Mama ya batoto yangu."

"Na huyu muzee hapa mbele?"

Nilisema: "Mama yangu."

Akacheka. "Mama yako! Leo hapa Kolwezi kila mukwe amekuwa mama."

Mwenzake akasema: "Wacha we. Mukwe anaweza ikala mbele na bwana ya mutoto wake? Wangemuweka kule nyuma."

"Tutaona." Yule wa kwanza aliitazama sahani iliyofungwa kwa kitambaa juu ya magoti ya Mama Kabedi. "Mama, ile ni chakula? Mupe mutoto wako, akule mu mukono yako. Tuone."

Tata, kila mtu pale alijua alichokuwa akiomba, maana wale vijana nao wana wake nyumbani, na mama wakwe. Mama Kabedi alifungua kitambaa. Ilikuwa bukari ya jana, ugali uliopoa, na sombe ya majani ya muhogo. Alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alinitazama usoni. Jicho lake la kushoto lina doa dogo, kama punje ya mtama. Sikulijua.

"Fungua kinywa."

Sikuweza. Taya langu lilikuwa jiwe. Akanipiga kofi dogo shavuni.

"Fungua kinywa, naambia! Tangu mutoto uko hivi hivi, mupaka nikubembeleze. Na mikono haukunawa, naiona!"

Vijana wakaangua kicheko. Nikafungua. Alinilisha matonge matatu, bila haraka, akanipangusa mdomo kwa pindo la kitenge chake. Yule wa kitambaa cheupe akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika: "Huyu ni mama yake kweli. Hata wa kwangu ananigombeza hivi." Gogo likaondolewa.

Tulipokwisha kupita bonde la kwanza, alimwambia Elise, si mimi: "Ambia bwana yako asimame kidogo." Nikasimama. Akageuza mwili wote dirishani, akajifunika uso kwa kitenge. Akakaa hivyo hadi Lubudi, saa sita za matope na madaraja. Niliiona mikono yake tu.

Kama ningenunua Suzuki, angeketi nyuma, upande wa kulia, kwenye mlango wake, na wale vijana wangemjua kabla gari halijasimama. Sijivunii. Mimi nilinunua gari kwa ajili ya matope.

Nimekula mkononi mwa mkwe wangu. Niambie nilete nini ili jambo hili lisafishwe.

Mtoto wako,
Mwenze


Lubudi, 25 Aprili 1993

Mwenze, mwanangu mpendwa,

Sote tu wazima. Je, unakula? Unalala? Kolwezi imetulia? Mgongo wangu unauma, kwa kuwa hukuuliza.

Barua yako niliisoma nimeketi, kisha nikaisoma tena nimesimama. Nimefundisha watoto adabu miaka thelathini na minane, na fimbo ikiwa mezani. Nilidhani nimeufikia mwisho wa somo hilo.

Mila inataka kuku mweupe kutoka kwa aliyekosa. Nilimtafuta sokoni kwa niaba yako. Jana asubuhi nilivaa koti langu la misa, nikampelekea Mama Kabedi mahali anapoketi, nikaeleza kwa utaratibu unaotakiwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno yake yote:

"Mwalimu, kuku ni ya mutu aliyekosa. Nani alikosa? Mi nililisha mutoto. Siku ile heshima yenyewe ilishuka mu gari, ikasimama pembeni ya njia, ikanipisha nipite. Kiisha ikapanda tena, tukakuja nayo mupaka hapa. Haukuiona?"

Nilimwambia: "Sikuiona, Mama." Ni kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikitazama kiti.

Nilibaki na kuku mkononi kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Yeye alikuwa amekwisha kugeukia maharage yake, akichambua. Kuku yuko hapa, anataga. Utamla utakapokuja, ukiwa nyuma ya nyumba, mahali Mama Kabedi asipokuona.

Njoo mvua zikiisha, au kabla hazijaisha. Gari lako halina neno na matope. Mama Kabedi anataka kwenda kusali kanisani, na ni mbali kwa nyonga yake. Pazia usilete. Kiti cha mbele ni cha Mama Kabedi, na mtu yeyote akiniuliza kwa nini, anifuate mimi.

Kioo cha ndani, hata hivyo, kigeuze upande.

Tata yako,
Kabemba Louis