Kesho Niliyomwambia Ndeshi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Akheri hatujambo, babu yako tu ndiye anayekohoa. Unauliza kama kuahirisha mambo ni kukosa nia.

Nilipokuwa msichana, dada yangu Ndeshi alilazwa hospitali. Kila siku alituma ujumbe nyumbani kunihusu: "Mwambieni aje." Nikajibu, "Kesho, nikimaliza kuchuma kahawa." Nia nilikuwa nayo, hata ndizi za supu yake ya mtori nilishakata. Niliogopa kumwona alivyokonda. Siku niliyokwenda nilikuta kitanda kimetandikwa upya. Alikuwa amefariki alfajiri.

Woga ule sikumwambia mtu. Ningemwambia mama, angenishika mkono tukaenda wote.

Kazi unayoiahirisha ikikushinda kuanza, nipigie simu, mjukuu wangu, uniambie unaogopa nini.

Bibi yako