Raketi ya Mei

Akalla, Jumanne

Leo tena nimezuiwa kutoka, na kesho itakuwa hivyo hivyo. Nimeomba ruhusa nikacheze badminton, Mama akaniwakia: “Mtazame Mei, mtoto wa jirani Mchina! Yeye hutulia ndani na simu yake, hazururi.”

Mei mwenyewe ndiye aliyenialika. Kwao China alikuwa akicheza kila jioni. Huku Uswidi simu anaishika kwa kukosa la kufanya.

Baadaye nimetumwa kutupa takataka, nikamkuta kwenye lifti, raketi mkononi, amenuna.

“Unatoka?”

“Mama kaniita nirudi,” akanijibu kwa Kiswidi. “Kila siku ananiambia nikuige wewe. Eti Furaha hatoki kamwe.”

Nilitaka kucheka, sikuweza. Kumbe mimi ndiye ninayemfungia mlango.