Mikono Iliyong'aa Kwenye Picha

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Manga babu yako anakusalimu, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Mimi lakini sijatulia tangu uliponiandikia kwamba kwenye skana ya utafiti wenu ile dawa mliyonidunga imeng'aa mikononi na mabegani. Unasema dawa hiyo hukimbilia penye ugonjwa, au penye misuli iliyofanya kazi sana. Ndiyo maana unaniuliza kama kweli nilipumzika siku iliyotangulia, kama mlivyoniagiza.

Nilipumzika, kwa ninavyojua mimi. Nikiwa msichana niliugua malaria, nesi akasema nipumzike. Mama akanipa kikapu kidogo badala ya kile kikubwa, tukaenda kuchuma chai. Nilifurahi, nikaona amenihurumia. Basi nami siku ile ya kabla ya picha nilibeba kikapu kidogo.

Mwambie daktari. Na wanawake wengine wa huku msiwaulize kama wamepumzika. Waulizeni mikono yao ilishika nini jana.

Nipigeni hiyo picha upya, upesi. Tangu jana nimekaa kitini, mikono mapajani kama mgeni, na chai naiona dirishani inakomaa.

Nyanya yako,
Kwamboka