Ladu ya Shangazi Zubaida

Sargodha, Jumatatu

Kaka Tanveer, salaam nyingi huko Dubai.

Sisi hatujambo. Nyati wetu wa maziwa kazaa ndama jike, Baba hana neno. Mtihani wa utumishi wa serikali ni Februari, na katika historia ya Waingereza nimefika kwa Malkia Victoria. Yeye ndiye aliyemposa binamu yake Albert, maana hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kumposa malkia.

Juzi nilikuwa nakariri hayo, macho nimefumba, shangazi Zubaida akaingia. "Fungua kinywa, mwanangu." Nikadhani ni ladu za kumshangilia ndama. Nikala.

Mara sebuleni wanawake wanapongezana, Mama ananibusu huku analia. Kumbe shangazi alikuja kumposea mwanawe Waqas. Nawe unajua kwetu, msichana akilishwa kitamu akameza, kakubali.

Nikamwambia shangazi sikujua. Akacheka. "Mambo ya malkia wa Ulaya unayajua, ladu ikushinde? Mtihani fanya, nani kakukataza? Ila mke wa Waqas hatakaa ofisini na wanaume."

Waqas si mtu mbaya. Mama anauliza kama lile blanketi lilikufikia.

Ijumaa wanaleta pete. Mimi nikisema, Baba huongeza sauti ya redio. Wewe ukipiga simu, huizima redio akusikilize. Mpigie kabla ya Ijumaa, kaka.

Mama analalamika nimekonda. Ni kweli. Tangu juzi sili kitu nisichojipakulia mwenyewe.

Mdogo wako,
Shagufta